Mcheza bugobogobo alivyopoteza jembe Mabatini!

Safu yetu ya kazi za mikono leo haina habari za nani kagombana na nani. Leo ni msumeno na penseli. Dada yangu usikunje sura, nawe mshikaji usikimbilie ukurasa wa michezo. Ngoja kwanza nikupe kisa, halafu utaamua mwenyewe kama ni cha kusoma au cha kufungia maandazi.

KISA CHENYEWE

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, fundi chipukizi mwenye kibanda pale Mabatini. Hatengenezi vitanda wala makabati. Yeye anatoboa mbao: majina ya kutundika mlangoni, saa za ukutani zenye umbo la sangara, Jiwe la Bismarck la kuweka juu ya meza. Zana yake kubwa ni msumeno wa nakshi, ule wenye fremu ya umbo la herufi U na bledi nyembamba inayopenyezwa kwenye tundu, kisha inakata kona za kila namna. Wenye mshiko wana ule wa umeme wa mezani, ambao bledi yake inapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Dogo anao wa mkono. Kazi ni ile ile, tofauti ni jasho.

Basi wakamjia walimu wa shule moja. Mwenzao anastaafu, anarudi kwao Magu, na wanamuaga Jumamosi. Walitaka kibao cha mninga chenye mcheza bugobogobo akiwa na jembe lake, maana huyo mzee enzi zake alikuwa hakamatiki uwanjani. Wakaacha advansi ya kununulia mbao. Dogo akachukua mbao safi ya moja kwa kumi, akaipeleka ikapasuliwa na kupigwa randa mpaka ikabaki nusu inchi. Advansi ikaishia hapo.

Alhamisi saa mbili usiku simu yangu ikalia.

"Kaka, nimechemsha."

"Umechemsha nini tena?"

"Njoo uone mwenyewe."

Nilipofika nikamkuta kakaa juu ya ndoo, kibao kiko mapajani, hasemi. Nikakichukua. Mcheza ngoma alikuwa mzuri kweli kweli: kichwa kimeinama, goti limekunjwa, njuga mguuni. Lakini mikono yake ilikuwa hewani, imeshika upepo. Mpini wa jembe ulikuwa chini, kwenye unga wa mbao, pamoja na vile vipande vya kutupwa.

Sasa niambie wewe, bugobogobo bila jembe ni kitu gani? Si mtu anafukuza nyuki huyo?

KOSA LILIKUWA WAPI?

Usidhani dogo ni mzembe. Mkono wake ni mzuri, na msumeno wake ulikuwa unakata vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi. Ule mchoro ulikuwa fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, mistari mitupu, hakuna alama nyingine yoyote. Kati ya mikono, mpini na kiwiliwili kulikuwa na vinafasi vitano vya pembetatu vinavyofanana. Vinne ni hewa, vinatakiwa kutolewa. Cha tano, kile chembamba kirefu, ndicho mpini wenyewe. Kwenye mistari mitupu hewa na mpini ni ndugu mapacha. Saa mbili usiku, macho yamechoka, taa ni moja, walimu wanasubiri. Ungetegemea nini?

Na hapa ndipo penye somo la wiki hii, wasomaji wangu. Kila kipande kwenye mchoro kina swali lake: kinatoka au kinabaki? Swali hilo lazima lijibiwe. Ukilijibu mezani ukiwa na penseli, kosa linafutwa kwa ufutio. Ukisubiri kulijibu msumeno ukiwa unatembea, kosa linapelekwa jikoni kuwa kuni.

Jibu la mezani linaitwa kivuli. Unapaka kivuli kila sehemu inayotoka, na sehemu inayobaki unaiacha nyeupe. Basi. Ni kitu kidogo mno, lakini ndicho kilichomwangusha dogo.

HATA UNGUJA WALITOBOA

Kabla sijaendelea, najua kuna mjuaji pale kijiweni atasema hizi ni mambo ya kizungu. Mshikaji, ukifika Unguja mjini tembea mpaka Barabara ya Mizingani, mbele ya bandari, uliangalie jengo linaloitwa Dispensari ya Kale. Tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887 kwa ajili ya jubilii ya Malkia Victoria, yule yule ambaye Speke alilipa ziwa letu jina lake mwaka 1858. Topan mwenyewe alifariki 1891, na jengo likamalizika 1894. Roshani zake za mbao zimetobolewa utadhani ni lesi ya kitambaa cha mezani. Mbao zile zinasimama kwa sababu kila tundu lilipangwa: hapa inatoka, hapa inabaki. Roho ya kazi ya dogo wa Mabatini ni hiyo hiyo.

Na wala si ajabu gazeti kuandika habari za msumeno. Kule Uingereza kulikuwa na gazeti la kila wiki lililoitwa Hobbies, lililoanza mwaka 1895, na lilikuwa likiwapa wasomaji michoro ya kukata bila malipo. Kwa hiyo mimi nafuata nyayo tu.

IJUMAA ASUBUHI

Turudi Mabatini. Mbao imekufa, advansi imekwisha, Jumamosi inakuja. Kukicha tukachapa lapa mpaka kwa mama mdogo, ambaye anauza dagaa na mtaji wake unazunguka pale Mwaloni, Kirumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mmekuja wawili na nyuso za msiba?"

Dogo akaeleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akaingia ndani, akatoka na fedha zimefungwa kwenye ncha ya kanga.

"Huu ni mzigo wangu wa Jumatatu," akasema. "Jumatatu alfajiri nisipokuwa nao, siendi Mwaloni, na nisipokwenda Mwaloni hamli. Mmenielewa?"

Tulimwelewa. Kuanzia hapo haikuwa tena habari ya mcheza ngoma. Ilikuwa ni chakula cha nyumba nzima kimewekwa juu ya ubao wa nusu inchi. Nikamwambia dogo, msumeno leo hushiki mpaka mimi na wewe tukae na karatasi. Alinuna, lakini akakaa. Tulichofanya ndicho hiki, nakupa hatua kwa hatua, na ukitaka ukate ukurasa huu uubandike ukutani.

KWANZA: NAKALA SAFI

Mchoro wa asili usiukate wala usiuchafue. Peleka steshenari, toa nakala mbili au tatu: moja ya kufanyia majaribio ya kivuli, moja ya kubandika, moja ya akiba. Na siku zote toa nakala kutoka kwenye ule wa asili, si kutoka kwenye nakala. Kila ukitoa fotokopi ya fotokopi, mstari unanenepa. Mchoro wa dogo ulikuwa na mistari minene kama kamba ya kokoro. Sasa mstari wa milimita mbili utaukata wapi: kushoto, kulia au katikati? Ukikata leo kushoto, kesho kulia, mguu mmoja wa mcheza ngoma utakuwa mnene na mwingine una utapiamlo. Mstari mzuri ni mwembamba, kama wa kalamu ya wino ya kawaida. Ukiwa mnene, weka karatasi nyepesi juu yake, uchore upya.

Ukitaka kuukuza mchoro kutoka karatasi ya A4 kwenda A3, mwambie kijana wa steshenari aweke asilimia 141. Kurudi kutoka A3 kwenda A4 ni asilimia 71. Ukitoka hapo pima kwa rula kabla hujalipa, maana mashine nyingine zina akili zao.

PILI: KIVULI

Chukua penseli laini. Anza juu kushoto, shuka taratibu, na kila ukifika kwenye kipande jiulize kwa sauti, usione haya: "Nikiuinua ubao, hiki kitabaki mkononi au kitadondoka?" Kinachodondoka kipake kivuli. Kinachobaki kiache. Ukikwama, usibahatishe. Tafuta picha halisi ya kitu chenyewe. Sisi tulifungua simu, tukaangalia wacheza ngoma wa Kisukuma, ndipo tukaona sawasawa mpini unapita wapi. Ambaye hajawahi kuona, aende Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Mafundi wa michoro mtapata mawazo ya mwaka mzima: ngoma, viti vya watemi, zana za kale.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi wanachemsha. Kivuli kiwe cha kijivu chepesi, si cheusi! Wapo wanaochukua maka peni na kujaza weusi tii. Ukifanya hivyo umejiloga. Sababu ya kwanza, mstari mweusi unamezwa na kivuli cheusi, mpaka wako hauonekani tena. Sababu ya pili, bledi yenyewe ni nyeusi, ikiingia kwenye weusi unaipoteza machoni kama paka gizani. Sababu ya tatu, wino mwingi unalowesha karatasi, inajikunja, na mchoro unabadilika umbo. Kijivu chepesi kinakupa vitu vitatu kwa wakati mmoja: nyeupe ya kubaki, kijivu ya kutoka, na mstari mweusi katikati yao kama mpaka wa wilaya.

Huna muda wa kujaza kivuli chote? Piga mistari ya mshazari, yote ikielekea upande mmoja. Inatosha kabisa. Na kama mchoro uko kwenye simu au kompyuta, programu nyingi za kuchorea zina ile alama ya ndoo ya rangi. Gusa sehemu ya kutoka, mwaga kijivu cha asilimia 25 au 30, kisha chapisha. Kama unaweza kubadili rangi ya mstari, uweke mwekundu. Bledi nyeusi kwenye mstari mwekundu unaiona hata taa ikiwa ya mkopo.

Ukimaliza, andika pembeni kwa herufi kubwa: KIVULI = TOA. Kwa nini? Kwa sababu wapo wachoraji wanaofanya kinyume, wanapaka kivuli kile kinachobaki. Ukichanganya mchoro wako na wa mwingine bila kusoma, utakuja kutoa mcheza ngoma mzima na kumkabidhi mteja tundu.

TATU: ANGALIA VISIWA

Sisi watu wa ziwani hili halitupigi chenga. Chukulia kivuli ni maji na nyeupe ni nchi kavu. Ukiona nyeupe imezungukwa na kivuli pande zote, hicho ni kisiwa, kama Saanane au Ukerewe. Tofauti ni kwamba kisiwa cha ziwani kinakaa mahali pake, lakini kisiwa cha ubaoni hakina kitu cha kukishika. Ukimaliza kuzunguka, kinadondoka chini: kwa heri.

Visiwa vinapenda sana kukaa kwenye majina. Herufi A ina kisiwa kimoja, B inavyo viwili, D, O, P na R kimoja kimoja. Ukitoboa neno MWANZA una visiwa viwili. Ukitoboa BUGANDO una vitano, hesabu mwenyewe. Dawa yake ni daraja: unaacha kinjia cheupe kinachokiunganisha kisiwa na bara. Tangu Juni 2025 magari yanakatiza Ghuba ya Mwanza kwa daraja la kilometa 3 kutoka Kigongo hadi Busisi badala ya kupanga foleni ya kivuko. Daraja lako wewe halihitaji kilometa. Kwenye plaiwudi ya milimita 6 lisipungue milimita 3, na kwenye kibao cha mninga mimi naweka 5. Uzuri wa kivuli ni kwamba visiwa vinaonekana hapo hapo. Kwenye mistari mitupu unavigundua vikiwa vimekwisha kuanguka.

Na kuna jambo moja mafundi chipukizi hawaambiwi: angalia nyuzi za mbao. Kipande chembamba kinachopita kukatiza nyuzi kinavunjika kama biskuti. Kinachofuata nyuzi kina nguvu. Kwa hiyo kabla ya kubandika, chora mshale kwenye karatasi kuonyesha nyuzi ziende wapi. Sisi tuligeuza mchoro mpaka mpini wa jembe ukalala sambamba na nyuzi za mninga. Mpini ule ule uliokatwa Alhamisi, Ijumaa ndio uliokuwa na nguvu kuliko wote.

NNE: NUKTA NA NAMBA

Kila kipande chenye kivuli kinahitaji tundu la kupitishia bledi. Weka nukta ndani ya kivuli, karibu na kona lakini usiguse mstari. Kisha hesabu. Vivuli vikiwa 23, nukta ziwe 23. Zikipungua, kuna mahali umesahau. Zikizidi, kuna mahali unataka kutoboa mtu. Toboa zote kwa mkupuo mmoja kabla hujafunga bledi, na weka ubao chakavu chini yake ili upande wa nyuma usitoke magamba.

Halafu ziandikie vivuli namba. Vilivyo katikati na vidogo vidogo vianze, vikubwa vifuate, na mzunguko wa nje uwe wa mwisho kabisa. Sababu yake ni kwamba ubao ukiwa bado mzima unashikika vizuri na hautetemeki. Ukianza kutoa mapande makubwa, unabaki umeshika kitu laini kama chapati, na hapo ndipo vidole vya mcheza ngoma vinapokatika.

TANO: KUBANDIKA

Wengine wanatumia karatasi ya kaboni kuhamishia mchoro moja kwa moja kwenye mbao. Kwenye mbao nyeupe kama paini inafaa. Kwenye mninga uliokolea mstari hauonekani vizuri, na kivuli ndiyo kabisa. Bora kubandika karatasi. Kwanza lainisha ubao kwa msasa na ufute vumbi. Kisha laza juu yake ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, halafu gundi, halafu mchoro. Ukimaliza kukata unavuta tepu, inatoka na karatasi yake, mbao inabaki safi. Gundi iwe kidogo. Ukiimwaga kama uji, karatasi italowa na mchoro utatanuka.

Ukiwa na selotepu pana ya kufungia maboksi, bandika juu ya mchoro pia. Inasaidia bledi kuteleza, na mbao ngumu haiungui kwenye kona.

SITA: SASA MSUMENO

Kabla ya yote, miwani na barakoa. Unga wa mninga unawasha pua na koo, usijifanye shujaa. Kwenye mashine ya mezani meno ya bledi yaangalie chini. Kwenye ule wa mkono, ukiwa unakatia juu ya kibao chenye mkato wa V, meno yaangalie upande wa mpini, ili ukate unapovuta.

Sasa kumbuka ule mpaka wa wilaya, kijivu na nyeupe. Tembea kwenye mstari, lakini ukiona mkono unayumba, yumbia upande wa kijivu. Hii ndiyo siri kubwa ya kivuli, na wengi hawaijui. Ukikosea ndani ya kijivu, umebakiza mbao kidogo, unakuja kuisawazisha kwa tupa au msasa. Ukikosea ndani ya nyeupe, umekula mwili wa kazi, na hakuna msasa unaorudisha nyama. Kivuli hakikuambii tu kitu gani kinatoka. Kinakuambia pia upande gani una msamaha.

Kila baada ya muda puliza unga wa mbao utoke juu ya mstari. Macho yakichoka, simama. Ule usiku wa Alhamisi dogo angesimama robo saa tu akanywa chai, mpini ungekuwa hai mpaka leo.

JUMAMOSI IKAFIKA

Kuandaa karatasi kulituchukua kama saa mbili. Dogo alilalamika wee, akasema mimi nampotezea muda. Lakini alipokaa na msumeno sikumsikia tena. Hakuwa anasimama kujiuliza. Jicho linafuata mpaka, mkono unakwenda, kipande cha kijivu kinadondoka, namba inayofuata. Alikata vivuli vyote kabla ya magharibi, na mimi kazi yangu ikawa kupuliza unga na kuhesabu. Usiku tukapiga msasa, tukavuta tepu, tukapaka vanishi. Tukalala kwenye saa saba.

Jumamosi walimu wakaja kukichukua. Mwalimu mmoja mama wa makamo akakiangalia muda mrefu, akacheka, akasema, "Huyu ndiye yeye mwenyewe, hata anavyoinamisha kichwa." Wakalipa salio, wakaondoka. Hawakujua kwamba huyo waliyembeba alikuwa pacha, na kwamba kaka yake yupo Mabatini, hana jembe.

Jioni dogo akapiga hesabu. Akitoa mbao ya pili, vanishi na bledi mbili zilizokatika, akirudisha fedha ya mama, anabakiwa na nauli ya daladala na soda moja. Faida hakuna. Lakini Jumatatu alfajiri mama mdogo alikuwa Mwaloni na mzigo wake, anabishana bei ya dagaa kama kawaida, na jioni tulikula.

Kile kibao cha kwanza dogo hakukichoma. Amekitundika ndani ya kibanda, juu ya meza ya kazi, na chini yake kaning'iniza penseli kwa kamba. Wateja wakiuliza yule mcheza ngoma anafanya nini mikono mitupu, anawaambia anamwomba fundi ampakie kivuli.

Basi mpenzi msomaji, kwa leo naomba niishie hapa. Kama unataka kuanza, usikimbilie mninga. Tafuta kipande cha plaiwudi, chora sato mmoja mnene mwenye jicho, magamba matatu na mkia, paka kivuli, hesabu nukta zako, kisha kata. Jicho litakufundisha habari ya kisiwa, na magamba yatakufundisha habari ya subira. Ukiharibu sato, hakuna mwalimu anayekusubiri wala mama anayekudai.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia msasa: upi wa kuanzia na upi wa kumalizia. Mpaka hapo, penseli kwanza. Kaa mkao wa kazi!